Pikipiki za kale za BSA: Namba zilizogongwa kwenye chuma na historia ya kiwanda kilichokufa

PIKIPIKI mbili za miaka ya 1950 zinaweza kusimama bega kwa bega zikiwa na tangi la namna moja, kromu inayong'aa namna moja na mlio usiotofautiana, lakini moja ikauzwa kwa mara mbili au zaidi ya bei ya mwenzake. Tofauti kati yao mara nyingi ni herufi na tarakimu chache zilizogongwa kwa nyundo kwenye kasha la injini na kwenye fremu, pamoja na mstari mmoja wa wino katika daftari la kiwanda ambacho hakipo tena.

Kwa sababu hiyo, mtu anayeanza kukusanya pikipiki za kale hana budi kuwa mwanafunzi wa historia ya viwanda. Asiyejua kiwanda kilitengeneza nini, mwaka gani na kwa utaratibu upi, hana namna ya kumpinga muuzaji mwenye maneno matamu.

Fedha zinazozunguka katika biashara hii si za kubeza. Mwezi Januari 2018, pikipiki ya Kiingereza aina ya Vincent Black Lightning ya mwaka 1951 iliuzwa katika mnada huko Las Vegas, Marekani, kwa dola 929,000. Miaka mitano baadaye, Januari 2023, Harley-Davidson ya mwaka 1908 iliuzwa katika mji huohuo kwa dola 935,000. Penye mzigo wa namna hiyo hapakosi waghushi, na waghushi hawaishii kwenye minada ya mamilionea. Wanapatikana zaidi katika ngazi ya chini, ambako mnunuzi ni mtumishi wa kawaida aliyejiwekea akiba kwa miaka kadhaa.

Miongoni mwa majina yote ya zamani, BSA ya Birmingham, Uingereza, ndiyo shule nzuri kuliko zote kwa mkusanyaji. Kampuni hiyo ilitengeneza pikipiki nyingi za aina nyingi, ikaanguka kwa kishindo, na ikaacha nyuma yake aina moja inayoghushiwa kuliko karibu pikipiki nyingine yoyote ya Kiingereza.

Bunduki kwanza, magurudumu baadaye

Herufi BSA ni kifupisho cha Birmingham Small Arms, yaani silaha ndogo za Birmingham. Kampuni ilianzishwa mwaka 1861 na mafundi bunduki 14 wa mji huo waliotaka kutengeneza bunduki kwa mashine, badala ya kila fundi kuchonga chake kwa mkono katika karakana yake. Kiwanda kilijengwa katika eneo la Small Heath, na barabara iliyopita mbele yake ikaitwa Armoury Road, barabara ya ghala la silaha. Nembo ya bunduki tatu zilizosimamishwa zikiegemeana iliandamana na kampuni hadi mwisho wake.

Tatizo la biashara ya bunduki ni kwamba amani ikidumu, kiwanda kinalala njaa. Oda za serikali zilipokauka mwishoni mwa miaka ya 1870, wakurugenzi walitafuta kazi nyingine kwa ajili ya mashine zilezile, na mwaka 1880 wakaingia katika baiskeli. Jina BSA si geni kwa wazee wetu waliowahi kumiliki baiskeli za Kiingereza, ingawa tawi hilo la baiskeli liliuzwa kwa Raleigh mwaka 1957.

Kutoka baiskeli hadi pikipiki hatua ilikuwa fupi, lakini BSA haikuikimbilia. Kwa miaka kadhaa iliuza vipuri tu, na watengenezaji wengi wadogo walivinunua na kuunda pikipiki zao kwa majina yao. Hapa ndipo mtego wa kwanza wa mkusanyaji ulipo: pikipiki ya miaka ya mwanzo ya 1900 yenye nembo ya bunduki tatu kwenye baadhi ya vyuma vyake si lazima iwe BSA. Pikipiki ya kwanza iliyokuwa BSA kamili, yenye injini ya takriban cc 500, ilioneshwa London mwishoni mwa mwaka 1910 na kuingia sokoni kwa msimu wa 1911.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza kampuni ilishika njia ya kumhudumia mtu wa kawaida: pikipiki imara, isiyo na mbwembwe, yenye bei ya kustahimilika. Ile ya cc 250 ya mwaka 1924, yenye tangi la mviringo, ilitumiwa na vijana wa posta waliopeleka simu za maandishi majumbani. Tangazo la kampuni lilijigamba kwamba kati ya kila pikipiki nne, moja ni BSA.

M20: Mzee wa vita

Ukitaka pikipiki ya kale isiyokufa, wakusanyaji wengi watakuelekeza kwenye M20. Ilibuniwa chini ya mhandisi Val Page na kuanza kuuzwa mwaka 1937, ikiwa na silinda moja ya cc 496 na valvu za pembeni. Injini ya namna hiyo haina kasi, lakini inavuta kama punda. Mlio wake wa taratibu, unaohesabika pigo kwa pigo, ni wa aina ileile tunayoisikia ndani ya neno letu wenyewe pikipiki, na katika tukutuku ya wazee.

Vita Kuu ya Pili ilipoanza, jeshi la Uingereza liliagiza M20 kwa wingi. Zinatajwa kufikia 126,000, zikabeba matarishi wa kijeshi kuanzia Ulaya hadi jangwa la Afrika Kaskazini. Wakati huohuo Small Heath iliendelea kutengeneza bunduki, jambo lililoifanya kuwa shabaha ya ndege za Ujerumani. Usiku wa Novemba 19, 1940 mabomu yaliangukia kiwanda hicho wakati wafanyakazi wa zamu ya usiku wakiwa kazini. Watu 53 waliuawa.

Kwa mnunuzi wa leo, M20 ya jeshi hutambulika kwa herufi WM20 mwanzoni mwa namba yake. Asishtuke akikuta namba ya injini haipatani na namba ya fremu kwenye daftari. Karakana za jeshi zilifungua injini kwa makumi, zikazifanyia matengenezo na kuzifunga kwenye fremu yoyote iliyokuwa karibu. Kwa pikipiki ya raia, kubadilishwa injini ni dosari inayopunguza bei. Kwa M20 ya vita ni sehemu ya maisha yake, na muuzaji anayekuonesha M20 yenye kila namba mahali pake anastahili kuulizwa maswali mengi zaidi, si machache.

Mchoro uliozunguka dunia

Pikipiki ndogo iliyoipatia BSA wateja wengi kuliko nyingine haikubuniwa Birmingham. Asili yake ni mji wa Zschopau katika jimbo la Saxony, Ujerumani, ambako kampuni ya DKW ilitengeneza RT 125, kazi ya mhandisi Hermann Weber. Ilikuwa na injini ndogo ya mipigo miwili, ile ambayo petroli huchanganywa na oili, na umbo jepesi lililopangwa kwa akili nyingi.

Ujerumani iliposhindwa vita mwaka 1945, michoro ya pikipiki hiyo ikawa mali ya washindi kama fidia ya vita. Warusi waliichukua na kutoa Moskva M1A. Nchini Marekani, Harley-Davidson ilitengeneza yake ya cc 125. BSA iliita yake Bantam na kuiingiza sokoni mwaka 1948. Waingereza walizoea kukanyaga gia kwa mguu wa kulia, kwa hiyo wahandisi wa Small Heath waligeuza mchoro wote kama unavyoonekana kwenye kioo: kilichokuwa kushoto kikawa kulia. Weber mwenyewe alipelekwa Urusi baada ya vita na kufariki huko mwaka 1948, mwaka uleule mtoto wake wa kigeni alipoanza kuuzwa Uingereza.

Kulikuwa na mwanafunzi mwingine wa mchoro huo ambaye hakuna aliyemjali wakati ule. Mwaka 1955 kampuni moja ya Japani iliyojulikana kwa piano na vinanda ilitoa pikipiki yake ya kwanza kabisa, YA-1, iliyofuata umbo la DKW hiyohiyo. Kampuni hiyo ni Yamaha. BSA ilipewa mchoro mzuri ikakaa nao kwa zaidi ya miaka 20, ikiongeza ukubwa wa injini kidogo kidogo kutoka cc 123 hadi karibu 175, hadi Bantam ya mwisho ilipotoka mwaka 1971. Yamaha iliutumia kama darasa la kwanza, ikajifunza, kisha ikauacha. Ukitafuta chanzo cha yaliyowapata Waingereza baadaye, sehemu kubwa ya jibu iko hapo.

Kwa mkusanyaji anayeanza, hakuna shule ya bei nafuu kuliko Bantam. Zilitengenezwa mamia kwa maelfu, vipuri vyake vingi bado vinatengenezwa upya, na injini nzima inaweza kufunguliwa juu ya meza ya jikoni, kama mwenye jiko ameridhia. Za kijani kilichofifia za miaka ya mwanzo ndizo zinazopendwa, pamoja na nyekundu za posta. Lakini nyekundu si ushahidi. Kopo la rangi linanunuliwa dukani.

Gold Star na waghushi wake

Tunafika kwenye pikipiki inayowatia watu wazimu. Juni 30, 1937, mpanda mbio Walter Handley aliipeleka BSA ya cc 500 katika uwanja wa Brooklands karibu na London, akashinda mbio zake na kuzunguka uwanja kwa kasi ya zaidi ya kilomita 170 kwa saa. Klabu iliyoandaa mbio hizo ilikuwa na desturi ya kumpa nishani ndogo ya nyota ya dhahabu kila aliyekamilisha mzunguko kwa zaidi ya maili 100 kwa saa, yaani kilomita 160. BSA ikaichukua nishani hiyo na kuifanya jina la pikipiki: Gold Star.

Baada ya vita Gold Star ilirudi ikiwa na silinda moja ya aluminiamu, ya cc 350 au 500, na kila injini ilipimwa nguvu kiwandani kabla ya kuuzwa, mnunuzi akapewa cheti cha matokeo. Katika mbio za Clubman TT za daraja la cc 350 katika kisiwa cha Man, Gold Star ilishinda kila mwaka kuanzia 1949 hadi 1956. Ushindi ulipozidi, mbio zenyewe zikapoteza ladha.

Aina inayotafutwa zaidi ni DBD34 ya cc 500, iliyotengenezwa tangu mwaka 1956 hadi 1963. Si pikipiki ya kuendea sokoni. Gia zake za mbio zimepangwa hivi kwamba gia ya kwanza peke yake humfikisha mpandaji karibu kilomita 90 kwa saa, na kuondoka kwenye taa za barabarani kunadai klachi ishikiliwe nusunusu kwa mita nyingi. Kuiwasha kwa kiki ni kazi ya mguu wenye mazoezi. Anayetaka starehe atafute nyingine.

Sasa tazama jinsi ulaghai unavyofanyika. Katika miaka hiyohiyo BSA iliuza pikipiki za kawaida aina ya B31 ya cc 350 na B33 ya cc 500, zenye silinda ya chuma, kwa ajili ya watu wa kwenda kazini. Fremu yake inafanana sana na ya Gold Star. Mtu mwenye B33, silinda ya aluminiamu iliyotengenezwa upya, tangi jipya la kromu na kabureta kubwa anaweza kuunda kitu ambacho mpita njia ataapa ni Gold Star. Kuunda hivyo si kosa, na zipo zilizoundwa kwa ustadi unaostahili heshima. Kosa ni kuiuza kwa jina lisilo lake.

Mkaguzi anaanza na herufi. Namba ya injini, iliyogongwa upande wa kushoto chini ya silinda, huanza na ZB, BB, CB, DB au DBD kulingana na kizazi chake; zikifuatiwa na 32, ni ya cc 350, na zikifuatiwa na 34, ni ya cc 500. Baada ya hapo hufuata herufi GS. Fremu ya Gold Star za miaka ya baadaye huanza na CB32, hata kama injini ni ya cc 500, jambo linalowachanganya wengi na kuwafanya wakatae pikipiki halali.

Kisha anapiga magoti. Gold Star ilikuwa na pampu kubwa ya oili, na ili kuipisha, kiwanda kilipinda kidogo bomba la chini la fremu upande wa kulia. Fremu ya B31 au B33 haina pindo hilo, bali ina vishikio vya kufungia kigari cha pembeni, ambavyo fremu ya mbio haikuvihitaji. Walaghai wanalijua hilo pia, na bomba linaweza kupindwa na vishikio vikakatwa. Ndiyo maana unapitisha kidole. Mahali palipokatwa na kusagwa huacha chuma chembamba au uso usio na nafaka ileile, na rangi nene mahali pamoja ni dalili ya kitu kinachofichwa.

Namba zenyewe zina mwandiko. Kiwanda kiligonga kwa seti zake za chapa, na mtu aliyeona nyingi hutambua umbo la 3 au la 8 lisilo la Small Heath. Uso wa chuma uliosagwa ili kufuta namba ya zamani huwa umezama kidogo kuliko sehemu zinazouzunguka.

Jambo moja linapaswa kusemwa kwa msisitizo, kwa kuwa limewaponza wengi. Katika BSA za miaka ya 1950, namba ya injini na namba ya fremu hazikuwa tarakimu zilezile tangu siku ya kwanza. Muuzaji anayejisifu kwamba Gold Star yake ya mwaka 1957 ina namba zinazofanana, ama hajui anachouza au anajua vizuri sana. Kinachotafutwa ni jozi iliyoandikwa pamoja katika daftari la kiwanda.

Mambo yalibadilika mwishoni mwa miaka ya 1960. Kuanzia msimu wa 1969, BSA na dada yake Triumph, ambayo BSA iliinunua mwaka 1951, ziligonga tarakimu zilezile kwenye injini na fremu, zikitanguliwa na herufi mbili. Ya kwanza ni mwezi na ya pili ni msimu. A ni Januari, J ni Agosti, X ni Desemba. C ni msimu wa 1969, D ni 1970, E ni 1971. Msimu wa kiwanda ulianza Agosti, si Januari. Pikipiki yenye herufi JD basi ilitengenezwa Agosti 1969, ingawa ni ya msimu wa 1970, na mnunuzi asidhani kadi yenye mwaka 1969 ni ya kughushi.

Anguko

Katika miaka ya 1950 BSA ilihesabiwa kuwa mtengenezaji mkubwa kuliko wote wa pikipiki duniani. Mwenyekiti wake, Sir Bernard Docker, na mkewe Norah walitembelea gari la Daimler, kampuni nyingine ya kundi hilo, lililopambwa kwa maelfu ya nyota za dhahabu. Bodi ilimwondoa mwaka 1956. Ni rahisi kumlaumu yeye, lakini magari yake hayakuiua BSA. Faida iliendelea kuingia kwa miaka mingi baada yake, na mwaka 1967 na 1968 kampuni ilitunukiwa na Malkia kwa mauzo yake ya nje, hasa Marekani.

Kilichoiua ni kuchelewa. Mashine nyingi za Small Heath zilikuwa chakavu. Makasha ya injini yaliyounganishwa kwa wima, nusu ya kushoto na nusu ya kulia, yalivuja oili hadi uvujaji ukawa mzaha wa kudumu, huku Wajapani wakigawa makasha yao kwa ulalo, juu na chini, na sakafu za wateja wao zikabaki kavu. Mwaka 1968 BSA ilitoa Rocket 3, pikipiki ya silinda tatu na cc 740, yenye kasi ya kutisha. Lakini ilikuwa na gia nne, breki za kawaida za ngoma, na iliwashwa kwa kiki. Mwezi Oktoba mwaka huohuo Honda ilionesha Tokyo CB750: silinda nne, gia tano, breki ya diski mbele na swichi ya kuwashia. Mpanda mbio Mmarekani Dick Mann alishinda mbio za Daytona mwaka 1970 akiwa na Honda hiyo, na mwaka 1971 akashinda tena akiwa na BSA ya silinda tatu. Ushindi huo wa pili haukusaidia kitu. Wateja walikuwa wamekwisha kuhama.

Menejimenti ilijibu kwa kutumia fedha nyingi katika kituo cha utafiti cha Umberslade Hall, jumba la kifahari nje ya mji. Pikipiki za msimu wa 1971 zilizobuniwa huko zilikuwa na fremu mpya iliyobeba oili ndani ya mabomba yake na kiti kirefu mno kwa mtu wa kimo cha kawaida. Michoro ilichelewa, wafanyakazi wakakaa bila kazi, na mauzo ya majira ya kiangazi Marekani yakapotea. Juu ya hayo, pikipiki ndogo ya magurudumu matatu iitwayo Ariel 3 iliyotolewa mwaka 1970 ilikosa wanunuzi kabisa.

Mwaka 1973 kampuni ilimezwa na kundi jipya la Norton Villiers Triumph, na utengenezaji wa pikipiki zenye jina la BSA ukakoma. Mpango wa kundi hilo wa kufunga kiwanda cha Triumph huko Meriden ulisababisha wafanyakazi wake kukizingira mwezi Septemba mwaka huo. Hatimaye wakaunda ushirika ulioendesha kiwanda hadi mwaka 1983. Small Heath haikupata muda huo. Sehemu kubwa ya majengo yake ilibomolewa mwaka 1977.

Kilichonusurika

Viwanda vinapofilisika, karatasi huwa za kwanza kutupwa. Kwamba madaftari mengi ya BSA na Triumph yaliyoorodhesha pikipiki zilizotoka getini yapo hadi leo ni kazi ya watu waliopenda mashine hizo kuliko waliokuwa wakizimiliki. Klabu ya wamiliki wa BSA nchini Uingereza inatunza kumbukumbu za BSA, na klabu ya pikipiki za kale ya VMCC, iliyoanzishwa mwaka 1946, ina hazina kubwa inayojumuisha madaftari ya Triumph. Katika daftari kuna namba ya injini, namba ya fremu, aina, tarehe na jina la muuzaji aliyepelekewa. Pikipiki ambayo leo iko Melbourne yaweza kuonekana kuwa iliondoka Birmingham kwenda kwa wakala wa California.

Karatasi hizo zina thamani ya kisheria pia. Uingereza ilipohamishia usajili wa magari kwenye kompyuta, wamiliki walipewa hadi Novemba 1983 kuwasilisha hati zao, na zilizokuwa zimelala kwenye mabanda zikapoteza namba zao za barabarani. Mpango wa serikali unaoitwa V765 unamruhusu mmiliki kudai namba ya awali iwapo ana hati ya zamani na klabu inayotambuliwa imeithibitisha pikipiki. Namba iliyorudishwa kwa njia hiyo haiwezi kuuzwa na kuhamishiwa kwenye gari jingine.

Mashine zenyewe hazina uhakika wa maisha. Septemba 16, 2003 moto uliwaka katika Jumba la Taifa la Makumbusho ya Pikipiki karibu na Birmingham na kuteketeza takriban pikipiki 380, nyingi zikiwa nadra. Jumba lilifunguliwa tena mwaka 2004, na mafundi wamefufua nyingi kati ya zilizoungua. Wakusanyaji bado wanabishana: pikipiki iliyobaki na kasha la injini lililopindika na fremu iliyopikwa na moto, ikafungwa silinda mpya, tangi jipya na magurudumu mapya, ni ileile? Kwa maoni ya mwandishi, ni ileile mradi historia hiyo isemwe wazi na namba zake zisiguswe. Vivyo hivyo kwa rangi. Rangi ya kiwanda iliyopauka na kuchunika ina thamani kuliko mng'ao wa jana, na ukishaikwangua hakuna fundi atakayeirudisha.

Jina nalo limepata mwenyewe. Mwaka 2016 kampuni ya Classic Legends ya India, iliyo chini ya Mahindra, ilinunua haki za BSA, na Desemba 2021 ikazindua Birmingham pikipiki mpya ya cc 652 inayoitwa Gold Star, inayotengenezwa India. Ni pikipiki halali ya zama zake, lakini haihusiani na madaftari ya Small Heath, na tangazo la mauzo linalosema Gold Star bila kutaja mwaka linahitaji kusomwa mara mbili.

Kwa anayetaka kununua ya kale, utaratibu ni huu. Aombe picha za karibu za namba zote mbili, zilizopigwa mchana, bila rangi wala grisi juu yake. Azitume kwa klabu pamoja na ada yake ya uchunguzi na kusubiri barua. Majibu yanaweza kuchukua wiki kadhaa, na muuzaji atasema kuna mnunuzi mwingine anakuja Jumamosi na fedha taslimu. Amwache aje.